Mti wa ukoo wa wafalme wa amaHlubi: wiki ya sita

Nimeanza karatasi ya manila ya tatu. Mbili za kwanza zimejaa hadi pembeni, na kosa ni lile lile: nilichora mstari mmoja mnyoofu toka juu kwenda chini, baba kwa mwana, kana kwamba amaHlubi, kabila la Afrika Kusini, walikaa mahali pamoja wakirithishana kiti kwa amani.

Kwa aliyechelewa kujiunga: treni ninayopanda kwenda kazini hapa Cape Town hupita Langa, mtaa uliofunguliwa 1927. Nilijua langa ni jua kwa Kixhosa, nikaishia hapo. Kumbe mtaa umebeba jina la mfalme Langalibalele wa amaHlubi, yaani "jua linawaka", naye alisifika kwa kuleta mvua! Hapo ndipo niliponunua penseli.

Juu kabisa nimemweka Bhungane, aliyetawala kando ya mto Mzinyathi, huko Natal, mwishoni mwa karne ya 18. Chini yake mwanawe Mthimkhulu, na hapa ndipo karatasi ya kwanza ilipoharibika. Mnamo 1818 hivi Matiwane, mkuu wa kabila la amaNgwane, aliwavamia akamuua Mthimkhulu, na ukoo ukatawanyika. Mpangazitha, mtoto mwingine wa Bhungane, alivuka milima ya Drakensberg na watu wake. Wengine walishuka kusini, na vizazi vyao wako Eastern Cape mpaka leo. Mimi ni wa Songea, nimekua nikisikia jinsi Zwangendaba, kiongozi wa Wangoni, alivyovuka Zambezi mwaka 1835, kwa hiyo habari hizi za watu kubeba watoto na kuswaga ng'ombe kukimbia vita vya zama zile hazinipiti hivi hivi.

Karatasi ya pili niliiharibu mwenyewe. Nilikuta jina Hlubi kwenye habari za vita vya Isandlwana, kati ya Waingereza na Wazulu, 1879, nikamchomeka kwenye tawi la kifalme. Yule ni Hlubi Molife, mtemi wa kabila la Batlokwa. Jina limefanana, ukoo ni mwingine kabisa. Nilifuta mpaka manila ikatoboka.

Jumamosi nilikwenda Langa kumwona mzee mmoja wa Radebe, ukoo wa wafalme wa amaHlubi. Nilimwamkia, "Molo, Tata," yaani "Hujambo, baba," nikaitandaza karatasi mezani. Hakuitazama kwanza. Alifumba macho akataja majina ya sifa ya ukoo: Hadebe, Bhungane, Mthimkhulu, Ndlebentle zombini. Hilo la mwisho aliligawa polepole ili nishike: ndlebe ni sikio, ntle ni nzuri, zombini ni yote mawili. Mwenye masikio mazuri yote mawili. Wafalme niliohangaika nao wiki sita, yeye anawataja kila anaposalimiana na ndugu zake.

Kisha akaweka kidole kwa Langalibalele na kukaa kimya kidogo. Vijana wa mfalme huyo walirudi kutoka migodi ya almasi ya Kimberley na bunduki, serikali ya Natal, koloni la Waingereza, ikataka zisajiliwe, mfalme akaitwa Pietermaritzburg asiende. Novemba 1873 alivuka milima na watu wake, na kwenye njia ya Bushman's River risasi zikalia. Alikamatwa Lesotho, akashtakiwa 1874 mbele ya gavana yuleyule aliyekuwa akigombana naye. Ardhi na ng'ombe wa watu wake vikachukuliwa. Colenso, askofu wa Kianglikana wa Natal, alimtetea hadi London. Mfalme akapelekwa Robben Island, na 1875 akahamishiwa shamba la Uitvlugt, jirani na ilipo Langa. Aliruhusiwa kurudi Natal 1887, akafa 1889.

Kwa hiyo safari hii nimeilaza karatasi. Mito na milima ndiyo inayotangulia, majina yanafuata njia walizopita. Langalibalele anaonekana mara tatu: chini ya Drakensberg, kisiwani, na Uitvlugt. Baada yake Siyephu, Tatazela, hadi Muziwenkosi, anayeitwa Langalibalele II, ambaye tume ya serikali ilikataa mwaka 2010 kuutambua ufalme wake. Nimemwandika mfalme, kwa sababu hivyo ndivyo Tata anavyomwita.

Bado yote ni penseli. Jumamosi ijayo nairudisha Langa, Tata anikagulie tahajia ya Mpangazitha na upande wa milima alikopita, ndipo nifungue wino.