Nilivyozichuja heliamu zinazojifanya strangeleti

Kuna watu wameniuliza zile grafu za tasnifu yangu ya kutafuta strangeleti nilizipataje wakati data ghafi ya AMS, kile chombo kinachopima chembe zinazotoka anga za mbali, sina, basi ngoja nieleze hapa mara moja.

Kwa asiyejua, strangeleti ni kipande cha maada chenye kwaki (vijichembe vinavyounda protoni na nyutroni) za aina tatu, up na down tulizonazo sisi sote alafu na strange juu yake. Edward Witten aliandika mwaka 1984 kwamba maada ya hivyo inaweza kuwa tulivu kuliko hata kiini cha chuma. Hakuna aliyeiona mpaka leo, ila kama ipo itakuwa nzito sana na chaji kiduchu. Heliamu ina chaji 2 uzito 4, strangeleti yenye chaji hiyohiyo 2 inaweza kuwa na uzito 40.

AMS-02 imefungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu tangu Mei 2011. Ndani kuna sumaku, chembe ikipita inapinda, tabaka 9 za silikoni zinasoma ilivyopinda na hapo unapata rijiditi, yani momenta gawanya kwa chaji, inayopimwa kwa GV (gigavolti). Vibao vya juu na chini vinapima muda wa kupita, nanosekunde kama 4 tu, unapata kasi. Ukishakuwa na chaji, rijiditi na kasi, uzito unajitokeza wenyewe.

Mi nikachagua mfano mmoja nikakomaa nao: chaji 2, rijiditi 20 GV. Hapo heliamu ya kawaida inakimbia asilimia 99.6 ya kasi ya mwanga, yenye uzito mara kumi yake inajikongoja na asilimia 73. Tofauti kubwa hiyo, unaiona hata kwa kipimo kinachokosea asilimia 2. Shida ni kwamba heliamu ya 2 GV nayo inaenda asilimia 73 hiyohiyo! Sasa ikigonga kiini fulani ndani ya chombo njia yake ikanyooka, mashine inasoma 20 badala ya 2 na tayari una strangeleti feki, na heliamu zinapita kwa mamilioni bwana.

Kwa hiyo nikaandika programu ya Python inayozalisha heliamu za kuigiza kwa mgawanyo wa rijiditi uliokwisha chapishwa, alafu inaharibu vipimo makusudi. Hapa ndo pa kuwa makini. Ukiharibu kwa Gauss tupu, yani makosa madogo ya kawaida yanayozunguka thamani halisi, hutapata feki hata moja, maana kutoka 2 kwenda 20 ni mbali mno, lazima uongeze mkia mrefu wa zile chache zilizogongana vibaya. Nilipouweka mkia, zile feki zikajaa palepale strangeleti ingekaa.

Kuzichuja nilianza kwa kupima rijiditi mara mbili, nusu ya juu ya tabaka na nusu ya chini, zisipokubaliana natupa. Chaji nayo lazima ilingane kila tabaka. Zikapungua sana ila sio zote. Kilichonisaidia kweli ni dunia yenyewe, kwa sababu maeneo ya ikweta sumaku ya dunia inarudisha nyuma chembe zilizo chini ya GV kumi na kitu, heliamu ya 2 GV kutoka nje haifiki kabisa, wakati strangeleti ya 20 GV inapenya japo inaenda polepole. Nikabakiza muda ambao kituo kiko karibu na ikweta, mfano kikikatiza juu ya Afrika Mashariki, na zilizobaki ni zile chache zinazozaliwa humuhumu kwenye angahewa ya dunia. Unapoteza sehemu kubwa ya muda wa kuangalia, ndio, lakini kwangu ilikuwa bei halali.

Sifuri nayo ni jibu. PAMELA, iliyorushwa 2006 kwenye setilaiti ya Warusi, ilitafuta chaji 1 hadi 8, haikukuta kitu na bado ikatoa kikomo chake, yani kiwango ambacho strangeleti kama zipo haziwezi kukizidi, mwaka 2015. Ukikuta sifuri na feki hazipo, chukua 3 ugawanye kwa eneo la chombo, pembe inayoiona na muda uliobaki baada ya machujo yote, hicho ndo kikomo chako cha uhakika wa asilimia 95.