Kumbukumbu ya shamba: wiki sita za kwanza za kupanda

Kaya 34 zimeshalipia mafungu yao ya mboga kabla hatujafungua hata pakiti moja ya mbegu. Fedha hizo ndizo zilizonunua mbegu, trei za miche na mpira mpya wa kumwagilia. Kuanzia wiki ya 10, kila kaya itakuja kuchukua kikapu chake, kiwe kimejaa au kimepungua, kulingana na shamba litakachotoa. Wajapani walianza utaratibu wa namna hii miaka ya 1970 na kuuita teikei, na huko Marekani mashamba ya kwanza ya namna hii yalianza mwaka 1986. Sisi ni mwaka wetu wa tatu. Mtu akishakuamini kiasi hicho, unakuwa na haraka ya kumwonyesha kijani kibichi, na haraka hiyo ndiyo iliyonigharimu msimu huu.

Wiki ya 1 na ya 2

Tulihesabu siku kutoka kikapu cha kwanza kurudi nyuma. Saladi huhitaji kama siku 50 hadi 60 tangu kusiwa, kwa hiyo ilitangulia kitaluni pamoja na kabichi. Nyanya nazo tuliziweka pembeni penye joto zaidi, kwa kuwa huota vizuri kwenye nyuzi 21 hadi 27.

Mbegu za vitunguu zilikuwa zimebaki za mwaka juzi. Kaka yangu alitaka tuzisie tu. Nilichukua 10, nikazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, nikasubiri. Zikaota 4. Mbegu ya kitunguu haikai, ikishapita mwaka mmoja au miwili nguvu inaisha. Tukanunua mpya.

Wiki ya 3

Hii ndiyo wiki ninayotaka kuiandika vizuri, ili mwakani niisome tena kabla sijagusa ndoo ya maji.

Jumanne asubuhi niliinua kifuniko cha trei za saladi nikakuta kona moja imelala. Majani yalikuwa bado ya kijani, hayana doa. Lakini nilipoinama karibu niliona mashina yamenywea pale yanapogusana na udongo, membamba kama uzi, kana kwamba mtu ameyabana kwa kucha. Nikajua ni kinyausi, ugonjwa unaoozesha mashina ya miche michanga. Kufikia Alhamisi trei 5 kati ya 8 zilikuwa zimekwisha.

Mama alikuja akachota udongo kidogo, akaukamua. Maji yakamtoka katikati ya vidole.

"Miche hii imeshiba, mwanangu. Iache ipate kiu."

"Nilitaka ikue upesi, Mama."

"Haikui kwa kunyweshwa."

Alisema kweli. Nilikuwa nimesia mbegu zikabanana, namwagilia asubuhi na jioni, kisha nafunika ili joto lisitoke. Udongo uliolowa wakati wote, ubaridi wa usiku na hewa isiyotembea ndivyo vimelea vya kinyausi vinavyopenda, na mche ukishaanguka hauinuki tena. Tulitupa trei hizo pamoja na udongo wake, mbali na rundo la mboji. Tukaosha trei tupu kwa sabuni, tukaziloweka kwenye maji yenye klorini, tukazianika juani. Safari hii nimesia kwa nafasi. Maji ni asubuhi tu, tena tunayaweka kwenye sinia chini ya trei ili udongo uyanyonye wenyewe na juu pabaki pakavu. Mchana vifuniko viko wazi.

Jioni ile niliwaandikia wanachama wote. Niliwaambia kwamba saladi ya vikapu viwili vya mwanzo itakuwa haba, na sababu ni nini, bila kuzungukazunguka. Wengi walijibu. Mmoja aliuliza kama anaweza kuja kusaidia kusia upya, na Jumamosi akaja na wanawe wawili. Nilifarijika mno, siwezi kuficha.

Wiki ya 4 na ya 5

Udongo wa nje ulikuwa bado mzito. Kila asubuhi nilifinyanga tonge kiganjani na kulisukuma kwa kidole gumba. Likibaki limeshikana kama ufinyanzi, jembe linabaki ghalani, kwa sababu kulima udongo uliolowa kunaushindilia na mizizi inateseka msimu mzima. Siku ya sita tonge lilimeguka. Tukainua matuta, tukachanganya mboji, tukapanda njegere na spinachi, ambazo baridi haizitishi sana.

Karoti tulizisia siku hiyohiyo. Karoti inataka moyo. Inaweza kuchukua wiki mbili hadi tatu kuota, na safu ya juu ya udongo ikikauka katikati ya safari hiyo, mbegu inafia humohumo. Tulitandika magunia mabichi juu ya tuta, binti yangu akawa mlinzi: kila akitoka shule anafunua pembe moja, anachungulia, anafunika.

Wiki ya 6

Kabichi zilikaa nje siku 8 zikizoeshwa, saa mbili siku ya kwanza, nusu siku baadaye, mwishowe usiku kucha. Tumezihamisha jioni, jua likiwa limepoa, na tumezungushia kila shina kipande cha karatasi ngumu kuzuia sota, viwavi wanaokata mashina, wasilikate usiku. Usiku wa pili sakitu, yaani umande ulioganda, ilianguka. Tulikuwa tumetandaza vitambaa vyepesi juu ya matao mapema, na asubuhi tulikuta weupe juu ya kitambaa, chini yake majani mazima.

Nyanya bado ziko kitaluni. Kaka anasema zimekuwa kubwa, zitoke. Kipimajoto cha udongo kinasoma 12 alfajiri, nami nasubiri kipite 15 siku kadhaa mfululizo. Safari hii siharakishi.

Saladi ya pili ina majani manne na imesimama. Ya tatu tunaisia kesho, halafu nyingine kila baada ya wiki mbili, ili vikapu visipate saladi zote siku moja kisha vikose mwezi mzima.

Leo ni siku ya 17 ya karoti. Binti amekuja mbio hadi kitaluni, mikono ina tope, akanivuta bila kusema neno. Amefunua gunia lote. Kwenye mstari wa kwanza kuna vijani vyembamba kama nywele, viwiliviwili, kutoka mwanzo wa tuta hadi mwisho.