Wa kinanda hakuitwa

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii sijalala vizuri. Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, sisi wazee wa kanisa tulikaa kama dakika 20 tu, na ajenda ya tatu ikawa ni binti mmoja wa kwaya ya vijana. Ana miaka 19. Tumbo limeanza kuonekana. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno, mimi nikaangalia chini. Basi binti akatengwa: asiimbe, asisogelee meza ya Bwana, mpaka ajifungue na aombe mwenyewe kurudi kundini. Tukafunga kwa sala. Natoka nje, namsikia kijana wetu wa kinanda anajaribu pambio za Jumapili inayofuata. Wote tuliokuwa mle ndani tunajua mimba ni ya nani.

Yeye hakuitwa.

Jumatatu nikafungua Mwanzo 38. Sikumbuki mara ya mwisho kuisikia sura hiyo ikihubiriwa. Yuda anaambiwa mkwewe Tamari ana mimba ya uzinzi, wala haulizi swali hata moja: mtoeni, ateketezwe. Kisha analetewa pete yake, kamba yake na fimbo yake, alivyomwachia Tamari mwenyewe: mimba ni yake. Hapo ndipo ulimi unageuka: "Yeye ni mwenye haki kuliko mimi." Nikakwama hapo, chai ikapoa.

Nikamkumbuka mama mmoja wa Kiyahudi niliyewahi kusoma habari zake, Bertha Pappenheim. Simfanyi Mkristo, hakuwa. Lakini Mwanzo 38 ni kitabu chake kabla ya kuwa chetu. Alizaliwa Vienna mwaka 1859, kwa wazazi wenye mali na washika dini. Mdogo wake wa kiume akaendelea na masomo. Yeye akaachishwa shule akiwa na miaka 16, akae nyumbani na ushonaji, asubiri mume. Mume hakuja. Akiwa anamuuguza baba yake akaugua naye, vibaya, hadi lugha yake mwenyewe ikawa inampotea. Daktari wake, Josef Breuer, akaja kumwandika kitabuni kwa jina la Anna O., na waliosoma saikolojia wengi wanamjua kwa ugonjwa ule tu. Mimi namtaka wa baada ya kupona.

Mwaka 1888 alihamia Frankfurt na mama yake, akaanza kwa kugawa supu kwa Wayahudi maskini waliotoka mashariki. Kisha akasimamia kituo cha mayatima wa kike kwa miaka kama 12, na hakutaka wafundishwe kushona tu wakisubiri kuposwa kama alivyofanywa yeye. Alitafsiri kwa Kijerumani kitabu cha Mary Wollstonecraft cha kutetea haki za wanawake. Mwaka 1904 akaanzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi wa Ujerumani, Jüdischer Frauenbund, akauongoza miaka 20. Alifunga safari mpaka Galicia, huko Ulaya ya mashariki, kuona mabinti walivyokuwa wakidanganywa kwa ahadi ya ndoa au kazi, kumbe wanauzwa kwenye madanguro. Wapo wakubwa wa jamii yake walioona heri anyamaze, maana wanaowachukia Wayahudi wangepata la kusema. Hakunyamaza. Wapendwa, mnaijua hoja hiyo. Hata kwetu ipo: "Haya yasitoke nje ya baraza."

Lakini kilichonitoa usingizini ni nyumba. Novemba 1907, mjini Neu-Isenburg karibu na Frankfurt, Bertha alifungua makao ya mabinti waliokuwa hatarini, na ya wale waliopata mimba nje ya ndoa, pamoja na watoto wao. Mama na mtoto wakakaa mahali pamoja. Walifundishwa kulea, kupika, kufua, kushona. Na sikilizeni hili: jikoni sheria ya chakula cha Kiyahudi ilishikwa, na Sabato ilishikwa. Hakulegeza dini ili binti apate pa kuingia. Susu ya mtoto asiye na baba na Sabato ya Bwana vilikaa chini ya paa moja, na Sabato haikuchafuka.

Sisi tumejifundisha kwamba kusimama na neno ni kufunga mlango. Nani alitufundisha hivyo? Isaya 58 inasema waliotupwa nje tuwalete nyumbani kwetu, sisi ndio tunaotupa, halafu tunaandika kwenye muhtasari. Sipingi nidhamu ya kanisa. Nimelelewa nayo na imenisaidia. Napinga nidhamu inayomjua mwenye tumbo na kumsahau mwenye mbegu. Napinga wazee, nami nikiwemo, tunaomhesabia binti miezi na hatujui usiku analala wapi. Akina mama, sisi hasa! Sisi ndio tunaong'amua tumbo la mtu kabla mwenyewe hajasema, na sisi ndio tunaosogea kwenye benchi asikae karibu. Aibu hiyo ni yetu. Tusimsukumie mchungaji.

Bertha alifariki Mei 1936, wiki chache baada ya Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, kumhoji akiwa mgonjwa. Novemba 1938 Wanazi wakachoma jengo kuu la makao yale, na mwaka 1942 wakayafunga kabisa, waliobaki wakapelekwa makambini. Katika wosia wake aliomba atakayezuru kaburi lake aache kijiwe kidogo, iwe ahadi ya kimya ya kuendelea kuwatumikia wanawake. Hakuomba maua.

Jana nilikwenda kwa yule binti. Nilimkuta uani, beseni limeinamishwa ukutani. "Shikamoo, mama," akasema, hakuniangalia. Nikaitikia, nikatafuta neno la Mungu la kuanzia, sikulipata. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani ni sare ya kwaya, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri kama inapelekwa dukani.

"Nilitaka kuileta Jumapili. Kifungo kimoja kilikuwa kimekatika, nimekishona."

Nilikaa kwenye kigoda nikalia, yeye ndiye akawa ananibembeleza. Sare sikuichukua. Nilimwambia airudishe kabatini, kwa mamlaka gani sijui.

Kesho baraza linakaa tena. Nimeomba ajenda ile ifunguliwe upya na kijana wa kinanda aitwe, si kwa kuaibishwa, aje asimame pamoja na mwenzake. Mwenyekiti amejibu, "Tutaona, mama mzee." Mniombee nisiangalie chini.