Siku yangu moja Keko, na bakuli la plaiwudi

Saa 12:30 asubuhi karakana iko wazi. Hapa Keko, Dar es Salaam, ukichelewa unakuta njia imeshazibwa na vitanda na makabati yaliyotolewa nje kupigwa vanishi. Kazi ya kwanza ni kulegeza jiriwa, kile kibano kinachobana mbao gundi ikikauka. Jana muda kama huu nilibandika pete saba za plaiwudi ya milimita 18, moja juu ya nyingine, kwa gundi nyeupe, ziwe bakuli. Wapo wanaofungua baada ya saa moja tu, lakini kitu kitakachozunguka kwa kasi mbele ya uso wangu nakipa saa 24.

Pete hizi ni mabaki ya jirani anayetengeneza makabati. Nachora duara kwa bikari, nakata, natoboa katikati, na kinachotoka katikati ya pete kubwa kinakuwa pete ya bakuli dogo. Hakitupwi kitu.

Saa 2 kijana anayejifunza kwangu anaingia. "Shikamoo fundi." "Marahaba. Barakoa iko wapi?" Hilo silifanyii mzaha. Vumbi la plaiwudi limechanganyika na gundi ya kiwandani, na ni jembamba mno.

Saa 3 tunawasha mashine ya kukereza, inayozungusha bakuli huku nikilichonga kwa patasi. Naanza taratibu, kama mizunguko 600 kwa dakika, mpaka kingo zikae sawa. Gundi iliyo kati ya tabaka inakula makali kuliko mti wenyewe. Kwenye mninga patasi ingekaa muda mrefu, ila kwa plaiwudi kila baada ya dakika chache narudi kwenye jiwe la kunolea. Patasi butu inanyofoa nyuzi, na kovu lile msasa hauliondoi.

Hapo ndipo raha yangu ilipo. Plaiwudi hutengenezwa kwa gogo kuzungushwa huku kisu kirefu kikilimenya maganda membamba, kisha maganda yanabandikwa moja juu ya jingine, nyuzi zikipishana. Yaani mti huu ulishazungushwa kiwandani kabla haujafika kwangu. Ninapouzungusha tena, kila ganda linajitokeza kama mstari. Ubavu ukisimama wima mistari inakuwa myembamba na kubanana, ukilala kuelekea kitako inapanuka. Nyuzi zilizokatwa vichwa zinakunywa vanishi na kuiva rangi. Ukiligeuza bakuli robo mzunguko, mstari uliokuwa mweusi unakuwa mweupe, na mweupe unakuwa mweusi. Watu huidharau plaiwudi kwa kuwa wanaiona kwa juu tu, ubavuni hawajawahi kuitazama.

Saa 6 nakutana na pengo katikati ya tabaka, ugonjwa wa plaiwudi ya bei rahisi. Nalijaza unga wa mbao uliokandwa kwa gundi, tunakwenda kula wali maharage kwa mama ntilie likikauka.

Saa 8 umeme unakatika. Kijana anakaa mlangoni penye mwanga na bakuli mapajani, analipiga msasa namba 120 kwa mkono. Mimi nakata pete za kesho kwa msumeno wa mkono. Anapita dada mmoja, anauliza kama litafaa kwa mchuzi. Namwambia hapana, hili ni la matunda na vitu vikavu. Mchuzi wa moto na gundi hii mimi sivichanganyi, hata kama nakosa mauzo.

Saa 10:30 umeme unarudi. Nimeshika kopo la vanishi mkononi, kijana ananizuia.

"Fundi, ngoja. Mstari wa nne kutoka chini umenenepa kuliko wenzake."

Nalisogeza bakuli kwenye mwanga. Kweli. Mstari ukinenepa hivyo ghafla, ujue ubavu umelala kidogo mahali ulipotakiwa kuendelea kupinda. Ni mkono wangu wa asubuhi. Si zaidi ya nusu milimita, lakini mistari imeshasema.

Nafunika kopo, nalirudisha bakuli kwenye mashine, nanoa patasi, kisha nampa yeye.