Chai ya Ufundi House

Kila Agosti ikikaribia nasikia harufu ya vumbi la simiti mikononi mwangu, hata nikiwa nakanda unga. Mwaka huu nimeona niandike.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka 24, nikiuza chai na mandazi kwenye kibanda karibu na stesheni ya reli, Nairobi. Ijumaa ile, tarehe 7 Agosti, saa nne na nusu asubuhi hivi, nilisikia mlio mdogo, na wateja wangu wawili wakainuka kuchungulia. Mlio wa pili ukapindua karai la mafuta. Baadaye tulijua kwamba wengi waliopoteza macho, kule Co-operative House na kwingineko, ni wale waliokimbilia madirishani kwa ule mlio wa kwanza. Bomu lilikusudiwa ubalozi wa Marekani, lakini Ufundi House, jengo la jirani lililokuwa na chuo cha ukatibu, ndilo lililoporomoka. Nairobi peke yake ilizika watu 213. Niliyoyaona asubuhi ile nitayaacha hapo.

Jioni walikuja akina mama wa kanisa kuniomba jiko na sufuria kubwa wawapikie waokoaji. Mimi sikuwa mtu wa kanisa. Baba alipofariki, kanisa la kwetu kijijini lilikataa kumfanyia ibada kwa kuwa alikuwa mlevi, tukamzika na majirani bila hata wimbo mmoja. Tangu siku hiyo nilikuwa nimefunga mlango. Lakini yule mama aliyewaongoza hakuniuliza kama nimeokoka. Aliniuliza kama nina kichujio.

Basi nikaenda nao. Tulichemsha chai usiku kucha, maziwa mengi na sukari nyingi, kwa sababu wale vijana hawakuwa wakila. Kulikuwa na wanajeshi, Msalaba Mwekundu, wapita njia tu waliovua makoti Ijumaa na hawakurudi nyumbani, kisha Waisraeli na mbwa wao. Walikuja kwetu weupe kwa vumbi, kope hadi viatu. Hatukuwa na mahubiri. Mama angemfuta mtu uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, ampe kikombe, na akiombwa sala aombe palepale, amesimama, mwiko mkononi.

Chini ya kifusi kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Rose. Nchi nzima ilijua jina lake. Mwanamume mmoja alitolewa hai, na alikuwa amezungumza naye mle gizani. Waokoaji walipotaka kusikiliza, mashine zote zilizimwa na sisi sote tukaambiwa tunyamaze. Nilishika mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili ili mvuke usiutikise ukalia. Uliniunguza, sikuuachia. Mji wenye kelele kama Nairobi, na nilisikia makaa yakipasuka.

Baada ya kimya kimoja cha namna hiyo alikuja askari kijana, amejifunga kitambaa cha kijani kwenye kiganja cha kushoto. Mikono ilimtetemeka hata chai ikamwagika, nikamshikia kikombe mdomoni kama ninavyomnywesha mtoto. Alipomaliza akasema, "Dada, niombee. Niombee nimfikie."

Alidhani mimi ni mmoja wao. Nikamwambia naleta maji, nikaenda nyuma ya lori, nikakaa huko mpaka akaondoka.

Rose hakutoka hai. Walipomfikia alikuwa ameshafariki. Habari ilipotufikia nilimfuata yule mama nikamwambia maneno makali: mmeomba siku zote hizi, Mungu wenu alikuwa wapi? Nilitaka anijibu ili nimchukie. Akakaa juu ya debe, akajifunika uso kwa kanga, akalia hadi mabega yakatikisika. Wala hakumtetea Mungu. Kisha akainuka, akasuuza vikombe, akasema, "Mwanangu, wale vijana hawajanywa kitu tangu asubuhi."

Usiku ule, chumbani kwangu, nilifungua Agano Jipya alilokuwa ameliacha kwenye kikapu changu cha vikombe. Nilisoma nikirukaruka hadi kaburi la Lazaro, Yohana 11. "Yesu akalia machozi." Alijua anakwenda kumfufua, na bado akalia pamoja na dada zake. Nikamkumbuka mama juu ya lile debe. Nikamkumbuka baba pia, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba waliokataa kuja kaburini kwake walikuwa watu, na kwamba huenda Yeye alikuwepo siku ile, amesimama na majirani.

Nikapiga magoti. Sala ya kwanza ya maisha yangu ilikuwa deni. Jina lake sikulijua, nikasema, Bwana, yule askari wa kitambaa cha kijani, mkono wa kushoto, aliyeniomba nikamkimbia. Mshike mikono isitetemeke. Mpe usingizi leo.