Gramu 5 kwenye mikoko ya Tanga

Kinachowaangusha wengi kwenye uvuvi wa chambo laini cha plastiki ni uzito. Tumezoea mshipi wa mkono, ambao chubwi lake halina budi kuwa zito kwa kuwa linashushwa ubavuni mwa chombo mpaka miambani, kina kirefu. Mtu akihamia kwenye fimbo na rili anakuja na mazoea yaleyale: anafunga risasi ya gramu 20 au 30 kwenye maji ya mita 2, chambo kinadondoka kama jiwe na kuzama topeni, halafu anasema leo hakuna samaki. Samaki wapo, ila chambo kimewapita kabla hawajageuka.

Chewa, kelea na kolekole wadogo wa mikokoni mara nyingi hudaka chambo kikiwa kinashuka. Kamba akishtuka huruka kinyumenyume, kisha huzama taratibu, na hapo ndipo anapoliwa. Kwa hiyo funga risasi ndogo kuliko zote inayoweza kugusa chini. Kwenye vijito vya ghuba ya Tanga anza na gramu 5. Ukihesabu mpaka 10 bila kusikia chini, panda 7, kisha 10. Ikizidi hapo, mkondo ni mkali mno. Subiri upungue au hama.

Vifaa vifuate uzito huo. Fimbo ya mita 2.1 iliyoandikwa gramu 3 hadi 14, rili ya namba 2500, mshipi wa kusuka wa milimita 0.14 hivi. Mshipi mwembamba haubebwi sana na maji, ndiyo maana gramu 5 zinafika. Mbele yake unga mita 1 ya fluorokaboni, yaani mshipi mgumu wa uzi mmoja, ya milimita 0.40, kwa sababu mizizi ya mikoko imejaa chaza na mshipi wa kusuka ukigusa gamba la chaza hukatika papo hapo. Fundo la kuunganishia lisilosumbua ni lile la vitanzi viwili vinavyovutana: mizunguko 6 upande wa mshipi wa kusuka, 4 upande wa fluorokaboni, lowesha kwa mate ndipo ukaze. Ukikaza kavu, fluorokaboni inaungua kwa msuguano na itakatikia hapohapo.

Sasa kuvisha chambo, maana hapa ndipo kazi inapoharibika kimyakimya. Chukua chambo cha sentimita 7.5 na kichwa cha risasi chenye ndoana ya 1/0 au 2/0. Kabla ya kuchoma, laza ndoana ubavuni mwa chambo, pua ya chambo ikiwa sawa na mahali risasi inapoishia, uweke alama kwa ukucha pale kona ya ndoana inapofika. Choma katikati ya pua, sukuma ncha ipite katikati ya mwili, huku ukikikunja chambo kidogokidogo kuufuata mpindo, kisha toa ncha mgongoni penye alama. Kikae kimenyooka kama kidole. Kikijikunja hata kidogo, kitazunguka majini kama pia, kitasokota mshipi, na hakuna chewa atakayekifuata. Kitoe, ukivishe upya. Kikiteleza kushuka kwenye ndoana kila baada ya kutupa, tone 1 la gundi kali shingoni mwa risasi linamaliza tatizo.

Hapo ni mahali pa wazi. Ndani ya mizizi ncha ya nje itanasa kila mara, kwa hiyo tumia ndoana iliyovunjwa shingo ya 2/0 na risasi ya gramu 5 yenye tundu, umbo la punje, inayoteleza kwenye mshipi. Ingiza ncha puani kiasi cha milimita 5, itoe tumboni, vuta mpaka shingo ya ndoana iingie puani, igeuze, halafu pitisha ncha mwilini hadi mgongoni na uifiche chini ya ngozi tu. Ukiizamisha sana ndani ya plastiki, samaki atauma na ndoana haitatokeza.

Kutupa ni rahisi kuliko kushusha. Chambo kikigonga maji, funga kwa mkono waya wa rili, ule uliofunguliwa ili mshipi utoke, usizungushe kishikio. Mshipi ukijilaza legelege kwenye rili, hasa upepo wa kusi ukivuma, utapata fundo baya baada ya mara 3 au 4. Teremsha ncha ya fimbo ukikifuata chambo, mshipi ukiwa na kilegezo kidogo, na macho yawe pale mshipi unapoingia majini. Kama jana hapo ulihesabu 6 ndipo mshipi ukalegea na leo umelegea ukiwa umehesabu 4 tu, kaza mara moja, samaki ameshadaka. Mshipi ukienda pembeni, vilevile. Usisubiri kuvutwa mkono. Kikifika chini salama, inua ncha sentimita 30 hadi 40, shusha, ngoja sekunde 2 au 3, rudia.

Breki ya rili iwekwe kilo 1.5 mpaka 2, uipime kwa mizani ya mkononi. Kelea akishikwa hukimbilia mizizini, na mita ya kwanza ndiyo inayoamua, usimpe. Kila baada ya samaki pitisha fluorokaboni kati ya midomo. Ukisikia ukwaru, kata kipande hicho ufunge upya.

Maji mazuri ni ya kupwa, saa 2 hadi 3 za mwisho, kamba na samaki wadogo wanapolazimika kutoka mikokoni kupitia mdomo wa kijito. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, Tanga hupandisha na kushusha maji zaidi ya mita 3, na gramu 5 hazihimili mkondo huo. Maji mafu nayo hayasogezi chochote. Siku za katikati ndizo zenyewe. Mvua za masika zikileta udongo wa Mto Zigi, tumia rangi nzito, kahawia au nyeusi. Maji yakiwa maangavu, tumia chambo kinachopitisha mwanga.

Soma majeraha ya chambo. Mkia uliokatwa nusu duara ni bunju, hama hapo, atakumalizia pakiti. Mkato mrefu ulionyooka ni mzia, ongeza unene wa fluorokaboni. Hongwe mshike kwa koleo, usiguse miiba yake. Ukitembea kwenye tope, buruta miguu ili samaki taa wasikie na kuondoka.

Sehemu kubwa ya pwani hii imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009, na Kisiwa cha Ulenge ni eneo tengefu. Ulizia kibali na mipaka kabla ya kutoka. Vipande vya plastiki vilivyong'atwa virudi nyumbani mfukoni, havifai kubaki mikokoni, haviozi. Vyambo vizima usiviache juani garini, mikia inapinda. Ikipinda, sekunde chache kwenye maji moto kisha maji baridi huinyoosha. Na vile vinavyovutika kama mpira viwe na mfuko wake peke yake, maana vikigusana na vya kawaida vinayeyushana na kuwa donge moja linalonata.