Mla umeme wa uwanjani
Jana nilitembezwa ndani ya uwanja mkubwa wa mpira, siku isiyo na mechi, nikiwaza jinsi viwanja vinavyoweza kutunza mazingira. Watu wakiona zile taa za juu husema hizo ndizo zinazokula umeme. Wapi! Kwenye nyasi kulikuwa na mitambo mirefu ya magurudumu imejaa taa, inamulika upande ambao paa linaunyima jua. Mechi ni dakika 90. Hizi huwaka saa na saa ili nyasi zisife. Kuzibadilisha ziwe za LED kunapunguza bili, ingawa hakuna atakayekuja kukupiga picha.

Paneli za jua ndizo zinazopigwa picha. Sizidharau: uwanja wa Johan Cruijff Arena, Amsterdam, Uholanzi, unazo zaidi ya 4,000, na tangu 2018 una hifadhi ya umeme inayolingana na betri 148 za magari ya umeme ya Nissan Leaf, zikiwemo zilizokwisha kutumika barabarani. Hiyo nimeipenda sana.

Kuvuna maji ya mvua, vikombe vya kurudisha badala ya kutupwa, vyote sawa. Ila yale maegesho jamani! Mashabiki maelfu, kila mmoja na gari lake? Ningeanzia hapo. Ujerumani, kwa klabu nyingi, tiketi ya mechi ndiyo nauli ya treni na basi.